Utamu wa Dukani na Picha Zake

Katika sanduku la bati tunamohifadhi vyeti vyetu imo picha moja ya weusi na weupe, iliyopigwa mjini Singida mwaka 1978, tulipokuwa na umri wa miaka sita. Tumesimama mbele ya pazia lililochorwa minazi, mti ambao wakati huo hatukuwa tumepata kuuona kwa macho. Mkono mmoja umeegemea kiti, wa pili umeshika upindo wa kaptura. Shavu la kushoto limevimba kama la mtu aumwaye jino. Halikuwa jino. Mpiga picha alipoona kwamba taa zake zimetutisha na kilio ki karibu, alitutia pipi kinywani, akatuamuru tufumbe mdomo wala tusimung'unye mpaka amalize kazi yake. Pipi ile ilikuwa nyekundu. Picha haionyeshi wekundu wake wala utamu wake. Yaonyesha uvimbe tu. Hata hivyo, kila tuitazamapo mate hutujaa.

Tumeanza na picha hiyo kwa sababu makala haya yahusu mambo mawili yaliyokutana ndani yake, yaani pipi inunuliwayo dukani na picha. Uhakiki wetu umezoea kushughulikia mashairi, ngoma, vinyago na maigizo. Pipi huachiwa watoto na waganga wa meno. Nasi twakiri kwamba waganga wa meno wana haki yao, wala hatutawaingilia. Lakini pipi nayo ni kitu cha kubuniwa. Ina umbo, ina rangi, ina jina, ina vazi la karatasi lenye mchoro, na hata mlio inao, pale karatasi inapofunguliwa darasani mwalimu akiwa ameupa ubao uso. Kwa mtoto wa Ikungi au wa Mkalama, pipi aghalabu ndiyo kazi ya sanaa ya kwanza anayoinunua kwa fedha iliyo mkononi mwake mwenyewe. Anasimama mbele ya kopo la duka, anatazama, anasita, anachagua. Huo ni uhakiki. Tumetaka kujua mtoto huyo huhakiki kwa kiungo kipi, ulimi au jicho, na kama hukumu yake ni ya haki.

Kwa ajili hiyo, katika majuma matatu ya mwezi Oktoba mwaka jana, baada ya saa za kazi, tulizunguka katika maduka ya Singida mjini tukanunua kila aina ya pipi na chokoleti tuliyoikuta. Tulipata aina kumi na tisa. Hatutataja majina ya viwanda, maana hatukukusudia kumtangazia mtu biashara yake wala kumkashifu. Waonjaji tulikuwa wanne: sisi wenyewe, wajukuu wawili wa dada yetu, na mzee mmoja mrina asali wa Manyoni aliyekuja mjini kutibiwa macho. Kanuni zetu zilikuwa chache. Hatukuonja mara baada ya kula. Tulisukutua kwa maji kati ya pipi moja na nyingine. Hatukupita pipi nne kwa jioni moja, kwa kuwa utamu hukinaisha upesi, na ulimi uliokinai ni kama hakimu mwenye usingizi. Siku ya kwanza tulionja huku tukizitazama karatasi. Siku ya pili tulionja pipi zile zile macho yakiwa yamefungwa kwa kanga. Mzee alicheka sana alipofungwa. Alisema kwamba kwake hiyo ni gharama ya bure.

Siku ya karatasi hakuna aliyekosea. Yenye mchoro wa chungwa iliitwa chungwa, yenye nanasi ikaitwa nanasi, na watoto walitoa majibu yao kwa uhakika ambao tungependa kuuona katika hesabu zao. Siku ya kanga mambo yakageuka. "Babu, hii nanasi." "Siyo, ni embe." Ilikuwa chungwa. Limau tuliitambua sote, na peremende, na ile ya tangawizi. Zile nyingine zote zilichanganyika. Kisha tukawaambia watoto wabane pua, na hapo zile zilizochanganyika zikawa kitu kimoja tu, sukari yenye uchachu kidogo. Jambo hili si la ajabu. Ulimi peke yake hujua mambo machache: utamu, uchachu, uchungu, chumvi, na ule ukolezi wa mchuzi wa nyama. Kulijua embe kuwa ni embe ni kazi ya pua. Na pipi ngumu ya kiwandani hutengenezwa kwa kuchemsha sukari pamoja na glukosi mpaka joto lifike karibu nyuzi 150, maji yakawa yametoka karibu yote. Ndipo hutiwa asidi ya kuipa uchachu, na rangi, na tone la harufu. Embe na chungwa ni mwili mmoja uliovalishwa mashati mawili. Shati ndilo tunaloliita tunda.

Hapa ndipo mchoro wa karatasi unapofanya kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Kati ya pipi zetu kumi na tisa, tano zilikuwa na mchoro wa stroberi. Tunda hilo halilimwi kwetu Singida, na wale watoto hawajapata kuliona shambani wala sokoni. Walakini walilitambua mara moja, wakalisifu, wakagombania ya mwisho. Kwao stroberi ni ile pipi. Tunda ni kivuli chake. Nasi hatuna haki ya kuwacheka, kwa sababu tulikuwa na umri uliopita miaka thelathini tulipoionja stroberi yenyewe kwa mara ya kwanza, tukiwa safarini Lushoto, na jambo la kwanza tulilomwambia mwenyeji wetu ni kwamba tunda lake limeharibika. Lilikuwa chachu, lina majimaji, tena halikuwa na ile harufu tuliyoijua tangu utotoni. Mwenyeji alikula lake kwa raha akatutazama kwa huruma.

Upande wa pili, ukwaju, furu na zambarau, matunda ambayo mtoto huyahangaikia mpaka akachanika kaptura, hatukuyaona juu ya karatasi hata moja. Hatusemi kwamba hili ni njama. Mchoraji wa karatasi huchora alichoagizwa, na aliyeagiza yu mbali. Lakini matokeo yake ni kwamba mtoto wa Singida hujifunza mapema kuwa matunda yanayostahili kuchorwa ni yale asiyoyajua.

Yafaa tukumbuke kwamba ulimi wa watu wa rika letu ulipata malezi mengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera na katika dhiki ya fedha za kigeni, sukari ilikuwa haba nchini. Iligawiwa kwa vipimo, na balozi wa nyumba kumi alikuwa mtu wa kusalimiwa kwa adabu zaidi. Siku ambazo sukari haikupatikana, mama yetu alikunywa chai yake kavu, na sisi watoto akatutafutia namna. Palipokuwa na asali alitutilia asali. Pasipokuwa na asali, na kama baba amerudi safari na peremende mfukoni, alidondosha peremende mbili katika birika. Chai ikawa na ubaridi wa ajabu kooni huku ikiunguza ulimi. Tuliinywa katika giza la alfajiri, bila karatasi wala mchoro, na hatukumbuki kwamba tulijiuliza ni ya tunda gani. Tulijiuliza kama itatosha.

Turejee kwenye majaribio yetu. Pamoja na pipi za viwandani tuliweka vitu viwili vya mafundi wa hapa nchini: kashata ya karanga iliyofungwa katika nailoni isiyo na maandishi, na ubuyu wa pwani uliotiwa sukari na rangi nyekundu. Siku ya karatasi kashata ilishika mkia. Mjukuu mdogo alisema inafanana na kokoto, na kwa kusema kweli yafanana nazo. Siku ya kanga kashata hiyo hiyo iliombwa mara ya pili, na mkubwa wao akauliza kama hiyo ndiyo ile chokoleti ya bei. Sababu si ngumu kuieleza. Kashata ina mwanzo, kati na mwisho. Kwanza huja sukari iliyoungua kidogo, yenye uchungu wa mbali; halafu karanga hupasuka chini ya jino na kutoa mafuta yake; mwisho hubaki chumvi kidogo ya fundi aliyejua kazi. Pipi ya kiwandani husema neno moja tangu mwanzo mpaka inapokwisha. Sisi tulio katika ushairi twazijua tungo za namna hiyo: vina vyote vimetimia, mizani haikupungua, na ukifika beti ya tatu umekwisha jua kwamba ya saba haina jipya.

Ubuyu ni kesi ya peke yake. Mbuyu ni mti wa kwetu, na tangu Manyoni hadi mpakani mwa Dodoma hakuna mtoto asiyeujua. Unga wa ubuyu kwa asili yake ni mweupe, na ladha yake ni uchachu mkavu wenye ukakasi mdogo unaovuta mashavu kwa ndani. Mafundi wa pwani waliutia sukari, iliki, pilipili, na juu ya yote rangi, nao ukarudi bara ukiwa mwekundu kama kilemba cha jogoo. Ulimi wetu wasema kwamba iliki na pilipili ni ubunifu wa kweli, na kwamba rangi haiongezi kitu. Watoto wanakataa hukumu hii. Kwao ubuyu usiotia ulimi wekundu si ubuyu. Tuliwakuta nyuma ya nyumba wameichukua simu yetu, wanapigana picha za ndimi, na tulipozitazama picha hizo tuliona kwamba ndizo bora kuliko zote tulizopiga sisi kwa majuma matatu. Tumeshindwa kuwajibu.

Katika kuonja huko tuligundua pia umaskini wetu wa maneno, ambao si umaskini wa lugha. Watoto walikuwa na neno moja, tamu, na kinyume chake, si tamu. Kiswahili kina mengi zaidi. Chakula chaweza kuwa dufu, au chapwa, au kuwa kimekolea. Tunda bichi lina ugwadu, bibo lina ukakasi, ndimu ina uchachu, shubiri ina uchungu, na mafuta mengi hukinaisha. Mzee wa Manyoni aliyatumia yote hayo bila kutafuta. Pipi moja ya maziwa aliieleza hivi: inaanza vizuri, halafu inachoka kabla ya mlaji. Tuliiandika kauli yake mara moja katika daftari, na tumeona kwamba yawafaa pia waandishi kadhaa tunaowafahamu.

Sasa tuje kwenye chokoleti, ambayo kwa bei na kwa heshima inajiweka mbali na pipi. Dukani kwetu haikai katika kopo. Hukaa ndani ya friji pamoja na soda, na muuzaji huitoa kwa namna ya mtu anayetoa cheti. Sababu ya friji ni mafuta yake. Mafuta ya kakao huyeyuka katika joto la nyuzi 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili wa mtu. Ndiyo maana kipande cha chokoleti ni kigumu mkononi lakini kikifika ulimini kinalegea chenyewe. Hilo kwa hakika ni jambo la ufundi, na aliyeligundua alistahili sifa. Lakini ni ufundi uliotungwa katika nchi za baridi. Chini ya paa la bati mjini Singida, mchana wa Oktoba, chokoleti huyeyuka kabla ya kumfikia mlaji. Huyeyuka ndani ya basi, ikaganda tena usiku, ikayeyuka tena katika boksi, ikagandishwa katika friji. Mafuta yake hupanda juu na kufanya utando mweupe. Wanunuzi hudhani ni kuvu, wakaigomea. Si kuvu, wala haidhuru mtu. Ila umbo la ndani limevurugika, na ulimi unakutana na chengachenga mahali palipokuwa na ulaini. Kati ya chokoleti sita tulizonunua, nne zilikuwa na utando huo. Tuliyoisoma katika vitabu hatukuionja. Tulionja safari yake.

Zilizobaki mbili hazikuwa na utando, nazo zilikuwa za bei ndogo. Moja tuliiacha dirishani siku tatu ili tuijaribu, na haikubadilika hata pembe. Siri yake imeandikwa nyuma ya karatasi kwa herufi ndogo: mahali pa mafuta ya kakao pametiwa mafuta mengine ya mimea, ambayo hustahimili joto. Kinachostahimili joto la dirisha hustahimili pia joto la kinywa. Tulitafuna, tukangoja, na mwisho tukabaki na utando kwenye kaakaa kama wa mshumaa. (Mafuta yetu ya alizeti, ambayo mkoa huu unajulikana kwayo, hayagandi, kwa hiyo hayakupata nafasi katika biashara hii. Hatulisikitikii jambo hilo.)

Mtu asidhani kwamba chokoleti ni mgeni asiye na ndugu nchini. Kakao hulimwa Tanzania, na zaidi ya kote hulimwa wilayani Kyela, kando ya Ziwa Nyasa. Tulifika huko kwa kazi mwaka 2009. Tunda lake huota juu ya shina lenyewe, na likipasuliwa, mbegu zinaonekana zimevikwa nyama nyeupe, laini, yenye utamu na uchachu kwa pamoja. Watoto wa Kyela huimung'unya nyama hiyo na kuitema mbegu. Mkulima huziokota mbegu, huzivundika kwa siku tano au zaidi, huzianika juani, huziuza. Zilizo nyingi huvuka bahari. Kwa hiyo mtoto wa Kyela anajua utamu mmoja wa kakao ambao haumo katika chokoleti yoyote, na mlaji wa chokoleti anajua mwingine ambao mtoto yule hajauonja, na kati yao pana bahari na bei. Bei hiyo ilionekana wazi mwaka 2024, mavuno ya Afrika Magharibi yalipopungua na tani moja ya kakao ikapita dola 10,000 katika masoko ya dunia.

Mgeni mmoja alipata kutuletea kipande cha chokoleti ya Marekani iliyotengenezwa kwa kakao ya Bonde la Kilombero. Huko, Mbingu, kampuni ya Kokoa Kamili hununua mbegu mbichi kwa wakulima na kuzivundika yenyewe, na baadhi ya watengenezaji wa nje, kama Dandelion wa San Francisco, huandika jina hilo na jina la Tanzania juu ya karatasi. Ndani yake mlikuwa na kakao na sukari. Ladha yake ilikuwa na uchungu wa heshima, na nyuma yake uchachu wa tunda uliotukumbusha ile nyama nyeupe ya Kyela. Na hapo ndipo tulipotambua tofauti ya karatasi. Haikuwa na stroberi. Ilikuwa na jina la mahali. Kuna karatasi inayokwambia uone nini, na kuna karatasi inayokwambia kitu kimetoka wapi. Ya pili huuacha ulimi ufanye kazi yake.

Kupamba pipi kwa picha si jambo la jana. Mwaka 1868 Richard Cadbury wa Birmingham alianza kuuza chokoleti katika visanduku vilivyopambwa kwa picha alizozichora mwenyewe, na watu wakavihifadhi visanduku hata baada ya chokoleti kwisha. Tunamwelewa mtu huyu. Sisi pia tulipiga picha. Kila pipi tuliipiga ikiwa na karatasi na ikiwa bila karatasi, kwa simu ya mkononi, juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha la ofisi, na nyingine juu ya mawe ya kando ya Ziwa Singidani, ambako mwanga wa jioni ni mzuri ila upepo wapeperusha kila kitu. Yule mpiga picha wa mwaka 1978 alikuwa na filamu ya picha 36 na hakupoteza hata moja. Sisi tulipiga picha 211 kwa pipi kumi na tisa. Karatasi zilitoka vizuri mno, kwa kuwa zimetengenezwa zitazamwe. Pipi zilipovuliwa zilitoka kama shanga, zote namna moja. Chokoleti yenye utando ilitoka kama ukuta uliopigwa chokaa. Kashata ilitoka kama kokoto, kama alivyosema mjukuu.

Kijana mmoja wa ofisi yetu alituonea huruma. Akaipaka kashata mafuta kwa ncha ya kidole, akaiweka ili jua liwe nyuma yake, akainama chini kabisa. Katika picha yake karanga ziling'aa kama kaharabu. Tuliitazama, tukatamani, tukaichukua ile kashata tukaila. Ilikuwa na ladha ya mafuta ya kupikia. Kijana alituambia kwamba picha haikuahidi kuliwa. Kauli hiyo ina akili, lakini hatuikubali. Picha ya pipi haina ahadi nyingine.

Haya yote yangebaki mazungumzo ya barazani kama yasingetukuta kazini. Mwaka jana kikundi cha akina mama wafugaji nyuki wa upande wa Itigi kilitujia ofisini. Wameanza kutengeneza kashata za ufuta kwa asali yao wenyewe, wakataka tuwatungie maneno ya karatasi na tuwatafutie picha. Asali ya vichaka na miombo ya huko haihitaji sifa zetu. Lakini hebu itazameni inavyouzwa: kando ya barabara kuu, katika chupa zilizokuwa za maji au za pombe, bila jina, bila mwezi, bila mti. Msafiri husimama, huitikisa chupa, huomba kiberiti ili achovye njiti ya kuijaribu, njia ambayo haithibitishi kitu. Akiiona imeganda na kuwa nyeupe chini, husema imetiwa sukari, akapanda gari lake. Kumbe kuganda ni tabia ya asali halisi. Kwa utando mweupe ameikataa chokoleti, kwa mgando mweupe ameikataa asali, na ubuyu mweupe hautaki mpaka upakwe rangi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tumekaa barabarani pamoja na akina mama wale tangu asubuhi mpaka saa tisa, na methali hiyo haikuuza hata chupa mbili.

Mwalimu Nyerere alipoanzisha Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962 hakutaka tuukatae ugeni kwa kuwa ni ugeni; alitaka tujue tulicho nacho kabla ya kuchagua. Lugha yenyewe ni ushahidi. Neno nyuki ni la Kibantu, nalo asali limetoka Uarabuni. Mdudu ni wetu, jina la kazi yake limekuja na jahazi, wala hakuna aliyeumia. Kwa moyo huo tulikaa na akina mama tukatunga. Tulipendekeza karatasi isiyo na tunda lolote: jina la kashata, jina la mahali, mwezi ambao asali ilirinwa, miti iliyokuwa na maua mwezi huo, na picha moja ya kashata kama ilivyo, bila kupakwa mafuta. Tuliwasomea maneno yetu kwa sauti. Walisikiliza kwa adabu.

Mchapaji wa mjini alikuwa na shauri lake. Alikuwa nao tayari mchoro wa nyuki wa katuni, manjano tupu, anatabasamu, amevaa viatu vyekundu. Tulimweleza kwamba nyuki hana haja ya viatu. Tulimweleza kuwa mzee wetu wa Manyoni, aliyerina asali miaka arobaini, angeuliza mdudu huyu ameliacha wapi dungu lake. Ndipo mwenyekiti wa kikundi aliponyanyua mkono. "Bwana Utamaduni," akasema, "maneno yako ni mazuri na tutayaweka. Lakini mtoto hali shairi. Mtoto ataona viatu kwanza, atanunua, akishaonja atarudi kwa sababu ya asali. Si ndivyo?" Tulikumbuka picha za ndimi nyekundu, tukanyamaza.

Maneno yetu yapo, nyuma ya karatasi, kwa herufi zisizo kubwa: mahali, mwezi, miti, na sentensi moja ya kueleza kwamba asali ikiganda haijaharibika. Picha ya kashata halisi ipo pia, ndogo, pembeni. Karatasi elfu moja zilichapwa mwezi Machi, nazo zimekwisha, na za pili zimeagizwa. Tuliomba mara hii viatu viondolewe. Mchapaji alisema kubadili mchoro kuna gharama yake, na mwekahazina wa kikundi hakuiona gharama hiyo kuwa ya lazima.